Rose Bowl: mechi iliyoanzia kwenye tamasha la maua

Wapenzi wengi wa soka wanaukumbuka uwanja wa Rose Bowl, mjini Pasadena, California, kwa penalti ya Roberto Baggio iliyopaa juu ya lango katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1994. Kwa Wamarekani, jina hilo ni la mechi ya futiboli yao, ile ya mpira wa umbo la yai, inayozikutanisha timu mbili za vyuo vikuu kila Mwaka Mpya, msimu wa kawaida ukishamalizika.

Mechi hiyo ilibuniwa na watu wa maua. Tangu 1890 wenyeji wa Pasadena waliandaa gwaride kila Januari, ili jamaa zao wa mashariki, waliofunikwa na theluji, waone kwamba kwao waridi linachanua. Mwaka 1902 waandaaji walitaka fedha na watazamaji zaidi, wakaalika timu za Michigan na Stanford. Michigan ikashinda 49–0, na Stanford wakaomba mchezo ukomeshwe zikiwa zimebaki dakika nane. Futiboli ikawekwa kando, zikaja mbio za magari ya farasi ya mtindo wa Kirumi, hadi futiboli iliporudi mwaka 1916.

Mwaliko wa Pasadena ulipata uzito kwa sababu futiboli ya vyuo haikuwa na ligi moja ya taifa. Kila timu ilicheza zaidi na majirani zake, na bingwa wa nchi alitokana na maoni ya wakadiriaji na waandishi. Pasadena ilikuwa nafasi adimu ya kanda mbili kupimana nguvu.

Ukitaka kuona uzito huo, mfuate mtu mmoja, Wallace Wade. Mwaka 1916 aliichezea Brown, iliyofungwa 14–0 na Washington State. Mwenzake kikosini, Fritz Pollard, alikuwa mchezaji wa kwanza Mweusi katika mechi hii. Mwaka 1926 Wade alirudi akiwa kocha wa Alabama, timu ya kwanza ya Kusini kucheza mechi hii. Hadi mapumziko ilikuwa nyuma 12–0. Ikaishia kuilaza Washington 20–19. Kusini, iliyozoea kudharauliwa katika mchezo huu, ilishangilia kama taifa lililoshinda vita, ingawa chuo cha Alabama wakati ule hakikumpokea mwanafunzi Mweusi hata mmoja.

Kisha ikaja mechi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, ya 1942. Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor wiki chache tu kabla, na jeshi likapiga marufuku mikusanyiko mikubwa katika pwani ya magharibi. Wade, sasa kocha wa Duke, akawakaribisha wapinzani wake nyumbani, Durham, North Carolina. Viti vya ziada viliazimwa kutoka vyuo jirani, na watu wapatao 56,000 wakalowa mvua wakishuhudia Oregon State ikishinda 20–16. Jack Yoshihara wa Oregon State hakuwemo. Alizaliwa Japani, akaletwa Marekani angali mtoto mdogo, na serikali ikamkataza kusafiri na wenzake. Baadaye aliwekwa kambini Minidoka, Idaho, pamoja na maelfu ya watu wa asili ya Kijapani ambao hawakuwa na kosa lolote. Rekodi ya mechi ile inapaswa kusomwa pamoja na jina lake.

Miji mingine ilikuwa imekwisha kuiga: Miami na New Orleans zilianzisha mechi zao mwaka 1935, nazo zikilenga watalii wa msimu wa baridi. Pasadena ikajilinda kwa mkataba wa 1946, uliowapa nafasi bingwa wa magharibi na mwakilishi wa majimbo ya kati ya kaskazini. Mpangilio huo ulidumu zaidi ya nusu karne. Mwaka 2015 mechi ikawa nusu fainali ya mfumo mpya wa mtoano: Oregon iliifunga Florida State 59–20, na siku chache baadaye ikapoteza taji mbele ya Ohio State. Mtoano umeleta haki zaidi katika kumpata bingwa, nami nauunga mkono, lakini ushindi wa Pasadena, uliokuwa kilele cha msimu, sasa ni hatua ya kuendea mechi nyingine.