Uzi: Geti likifungwa usiku, ufunguo uko kwa nani?

Moto ukiwaka mtaani, siasa yake huwa na ratiba. Asubuhi mheshimiwa mmoja anafika na magodoro na unga, anasema serikali imelala. Mchana mwingine anasema wakaazi ndio walijiunganishia stima. Jioni fununu zinaanza kwamba ploti ilichomwa makusudi ili wapangaji watoke. Wiki ikiisha mabati mapya yako juu, na hakuna aliyeuliza watu walishindwa vipi kutoka.

Mimi leo nataka kuuliza hilo tu. Vuta kiti.

Nimelelewa Laini Saba, Kibera, na sasa nimepanga Kawangware. Sijasomea zimamoto. Lakini nimehama nyumba sita, na kila nikienda kuona chumba siku hizi naangalia vitu ambavyo zamani sikuangalia. Landilodi akiniuliza kama nimependa rangi, mimi naangalia juu.

Kwa nini juu? Kwa sababu kwenye mistari ya nyumba za zamani, za udongo au za bati, ukuta wa kugawanya vyumba mara nyingi haufiki paa. Usiku unamsikia jirani akikohoa kama mko kitanda kimoja. Basi pale kikohozi kinapopita, moshi unapita, na moto nao. Chumba cha kwanza kikishika, ule wa kumi haungoji ukuta uungue, unakimbia chini ya paa moja kwa moja. Na bati lenyewe haliungui, kweli, lakini limepigiliwa kwenye mbao kavu za miaka thelathini, na likipata joto linalipeleka upande wa pili.

Sasa stima. Hapa ndipo mdahalo unachafuka, kwa hivyo tupige hesabu kwanza halafu tutukanane baadaye. Koili ya kupikia ya wati 2,000 inavuta kama ampea 8. Ploti ya vyumba kumi, kila mtu anapika saa moja jioni, hiyo ni zaidi ya ampea 80. Waya uliowekwa miaka hiyo kwa ajili ya balbu na redio unapata joto ndani ya ukuta, plastiki inalainika, na siku moja nyaya mbili zinagusana. Swichi kuu ingepaswa kukata kabla ya hapo. Lakini ikikata kila jioni watu wanalalamika, keateka anaita fundi, fundi anaweka waya mnene mahali pa fyuzi. Stima haipotei tena, kila mtu anafurahi. Hapo ndipo mmeondoa kitu pekee kilichokuwa kinawalinda.

Kwa hivyo anayesema "ni sambaza ndiyo inachoma Kibera" ana ukweli nusu. Sambaza ni hatari, waya wake unapita juu ya bati na chini ya matope, na kwa sababu unalipa kiasi kimoja kwa mwezi, unaacha koili ikiwaka. Lakini Kawangware kuna ploti zenye mita halali kabisa na waya wa ndani ni ule ule wa hatari. Mita inahesabu tokeni, haikagui nyaya.

(Na wale wa "kwani mbona wasitumie mafuta taa": mwaka 2018 mafuta taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti kuzuia wachanganyaji. Watu wakahamia gesi na koili. Maamuzi ya bajeti huishia jikoni.)

Twende kwa geti, maana hapo ndipo mimi hukosa usingizi.

Kibera na Kawangware si kitu kimoja. Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, mwenye nyumba ana mbao na bati tu, na vijia ni vyembamba hadi gari la zimamoto linabaki barabarani. Hatari kubwa huko ni moto kuruka nyumba hadi nyumba. Kawangware ardhi nyingi ni ya watu binafsi, ploti ina vyumba pande mbili zikitazamana, choo na bomba mwisho, na geti moja la chuma. Dirisha limewekewa grili kwa sababu ya wezi. Saa nne usiku kufuli, ufunguo kwa keateka, na keateka wakati mwingine amelala kwake mtaa wa pili. Moto ukianzia chumba kilicho karibu na geti, walio ndani wote wako nyuma ya moto.

Sidharau wezi. Niliwahi kuibiwa mtungi wa gesi na nguo kwenye kamba siku moja. Lakini kuna komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na bei yake si ya kushinda landilodi mwenye vyumba kumi na viwili.

Johannesburg, Agosti 2023, jumba la zamani lililojaa wapangaji liliungua na watu zaidi ya 70 wakafa. Jumba lilikuwa mali ya jiji lenyewe. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba serikali ikimiliki nyumba mambo yanajisahihisha.

Kazi ni ya nani basi? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka zimamoto na majanga chini ya kaunti. Ukimsikia mgombea wa kiti cha kitaifa akiahidi magari ya zimamoto, muulize kwa bajeti gani. Na ukimsikia wa kaunti akisema "hayo ni makazi haramu, hatuwezi kukagua", mkumbushe Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Hakisemi kila mtu mwenye hati.

Hoja ngumu kuliko zote, ambayo wanaharakati wenzangu huiruka, ni hii: ukaguzi ukija, kodi inapanda au nyumba inafungwa, na mpangaji ndiye anatoka. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho hakijaguswa miaka nenda miaka rudi. Ukilipa 4,000 kwa chumba cha bati, huko nje uko peke yako. Ndiyo maana watu wananyamaza kuhusu geti. Mimi nadhani ukaguzi uanze na vitu visivyomhamisha mtu: komeo la ndani, swichi kuu iliyo sawa, kijia kisichozibwa na kioski. Kuta na paa zifuate, pamoja na ulinzi wa mpangaji.

Kwetu tulimwendea landilodi tukiwa wapangaji saba. Mzee alitusikiliza, akasema komeo la ndani litaleta wageni wasiojulikana. Tulichopata ni funguo mbili zaidi: moja iko kwa mama wa chumba cha kwanza, nyingine kwangu, chumba cha mwisho. Chumba changu kiko mbali zaidi na geti. Bado tunabishana naye.