Fahamu: Kwa nini kiwanda cha gesi kiliwekwa Afungi?

Ukitoka Mbau, wilayani Mocímboa da Praia nchini Msumbiji, ukaelekea kaskazini, utafika rasi ya Afungi, Palma. Hapo ndipo lilipochaguliwa eneo la kiwanda cha gesi ya bonde la Ruvuma, iliyogunduliwa mwaka 2010. Gesi iko chini ya bahari, kama kilomita 40 kutoka pwani. Bomba likiwa fupi, gharama hupungua. Meli kubwa nazo huhitaji kina cha kutosha.

Mpangilio wa ndani hufuata safari ya gesi: husafishwa, hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, hugeuka kimiminika chenye ujazo mdogo takriban mara 600, kisha huhifadhiwa kwenye matangi karibu na gati. Makazi ya wafanyakazi hukaa mbali na mitambo, kwa usalama.

Lakini rasi haikuwa tupu. Watu wa kijiji cha Quitupo walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda, na mvuvi aliyetengwa na ufuko wake halishwi na nyumba ya matofali. Kwangu, hilo lilistahili uzito sawa na kina cha maji.

Shambulio la waasi mjini Palma, Machi 2021, lilisimamisha ujenzi wa kiwanda kwa miaka. Katika kipindi hicho, Novemba 2022, Coral Sul, mtambo wa gesi unaoelea baharini, ulisafirisha shehena ya kwanza bila kuhamisha kijiji.