Mtego wa Nzi wa Kujitengenezea Nyumbani

Leo tutazungumza kuhusu nzi, na jinsi ya kumnasa kwa chupa tupu ya plastiki.

Huenda unasema, nzi tumemzoea, ana neno gani? Hebu fikiria uji wa mtoto uliobaki kikombeni bila kifuniko. Nzi ametoka kwenye kinyesi nyuma ya nyumba, sasa ametua ukingoni mwa kikombe. Nzi hana meno. Hutema mate na kutapika juu ya chakula ili kukilainisha kabla ya kukifyonza. Miguu yake nayo imebeba uchafu wa kule alikotoka. Baadaye mtoto anaumaliza uji ule, na kesho yake anaharisha. Nzi wanaotua machoni pa watoto pia husambaza trakoma, ugonjwa unaoweza kuleta upofu, ambao umejulikana kwa miaka mingi katika sehemu kama Turkana, Kajiado na Narok.

Sasa tutengeneze mtego. Tafuta chupa ya plastiki ya lita 1 au 2, kisu, kamba na sabuni ya maji kidogo.

Kwanza, kata chupa pale mabega yake yanapoishia. Utapata vipande 2.

Pili, weka chambo katika kipande cha chini: matumbo ya samaki, vichwa vya omena au maganda ya ndizi mbivu. Ongeza maji kiasi cha vidole 3 na matone machache ya sabuni. Sabuni humfanya nzi azame upesi.

Tatu, ondoa kifuniko cha chupa. Geuza kipande cha juu, mdomo uelekee chini, ukitumbukize ndani ya kile kingine kama faneli. Mdomo usiguse maji.

Nne, toboa matundu 2 pembeni, pitisha kamba na uning'inize.

Nzi huvutwa na harufu na kuingia kupitia mdomo ule mwembamba. Akitaka kutoka, hukimbilia kwenye mwanga wa kuta za chupa. Tundu aliloingilia halioni tena, mwishowe huchoka na kuanguka majini.

Mama, zingatia haya. Mtego huvuta nzi, kwa hivyo usiuweke ndani ya nyumba wala karibu na jikoni. Utundike nje, karibu na jalala au zizi, mahali ambapo mtoto hafiki. Usitie dawa ya wadudu wala mafuta ya taa: chupa ya soda humvutia mtoto, naye anaweza kuinywa. Ukijaa, mwaga yaliyomo kwenye choo cha shimo au uyafukie, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hata hivyo, mtego peke yake hautoshi. Nzi mmoja hutaga mayai hadi 150 hivi kwa mara moja, na wakati wa joto yai huwa nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Ukinasa nzi 50 leo huku samadi imerundikana, wiki ijayo utapata wengine. Kwa hivyo ondoa samadi na taka mara 2 kwa wiki, uzifukie au uzitie kwenye shimo la mbolea lililofunikwa. Funika tundu la choo. Kinyesi cha mtoto kitupe chooni, kwani hicho nacho ni kinyesi. Funika chakula, na umuoshe mtoto uso kila siku.

Je, mtoto akiharisha? Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kama mhudumu wa afya atakavyokuelekeza. Lakini ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto analegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Chupa tupu haina gharama. Itengeneze leo, na jirani pia umwonyeshe, kwa maana nzi hajui mpaka wa boma.