Siri ya mugonjwa na simu ya jamaa

Wale wanaotengeneza programu mupya za lopitali huwaza hivi: kila mutu ana simu yake, na siri ya ugonjwa wake ni mali yake peke yake. Kwetu Nundu, pwani ya Tanganika katika Fizi, mara nyingi sivyo watu wanavyoishi.

Wabembe wanajua siri tangu zamani. Bwami ilikuwa na mafundisho yasiyofunuliwa ila kwa mwenye cheo chake. Lakini siri hiyo ilikuwa ya kundi. Ndivyo ilivyo na ugonjwa: jamaa inauliza, inachanga feza, inasindikiza mugonjwa hata lopitali; kuificha neno ni kama kuitukana. Basi programu ikituma neno, “Kesho njoo kuchukua dawa ya sida,” nayo simu ya nyumba ni moja tu, iko mukononi mwa shemeji, itakuwaje? Mwanamuke aweza kufukuzwa kabla ya kufika kwa munganga. Anayemwogopa si mwizi wa mbali, ni yule anayekula naye sahani moja.

Kuna hofu nyingine, ya kuandikwa jina. Siku za Wabelgiji, juu ya ugonjwa wa usingizi, watu walipapaswa shingo, na walidaiwa pasi ya afya wakitaka kusafiri. Kitabu cha munganga kilikuwa pia kitabu cha serikali. Mutu akisita leo kutoa jina, tusimwite mujinga. Kweli, hesabu za kila mwezi zinazoingizwa katika DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ni za jumla: malaria wangapi, kolera wangapi, bila majina. Lakini nani amewaeleza watu?

Sheria iko. Ile ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mwenye virusi vya sida. Kodi ya numeriki ya 13 Machi 2023 inalinda habari za afya. Lakini sheria haiingii jikoni.

Makatekista wanahusika sana, maana wasiojua kusoma huwaletea simu wawasomee. Katekista asome pembeni, sauti ndogo, asimpashe hata padri habari. Na munganga, mbele ya kuandika namba, aulize: simu hii ni ya nani, nani anaifungua usiku? Ujumbe useme tu, “Tunakungoja siku ya tatu,” bila jina la dawa. Wengine watachagua namba ya mama mukubwa. Wengine hawatataka namba yoyote. Hao waambiwe siku yao kwa kinywa.