Datamash: Programu ndogo inayofichua hila ya wastani

SISI wahariri hukutana na neno ‘wastani’ kila uchao, na mara nyingi neno hilo humpotosha msomaji bila yeyote kukusudia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni yenye watu watano. Wanne hulipwa Sh12,000, Sh13,000, Sh14,000 na Sh15,000 kwa mwezi, naye meneja Sh146,000. Jumla ni Sh200,000. Ukiigawa kwa watano, wastani ni Sh40,000. Hakuna hata mmoja wao anayepokea kiasi hicho! Lakini ukiipanga mishahara kuanzia wa chini hadi wa juu, ule wa katikati ni Sh14,000, nao ndio unaoeleza hali ya wengi.

Kwa watu watano, kalamu na karatasi zatosha. Je, kwa mistari elfu hamsini? Hapo ndipo GNU Datamash inapofaa. Programu hii, iliyoandikwa na Assaf Gordon na kutolewa mnamo 2014, hupatikana bila malipo. Haina vitufe vya kubofya kwa kipanya. Mtumiaji huchapa amri:

datamash mean 1 median 1 < mishahara.txt

Amri hiyo huiagiza tarakilishi isome faili, kisha itafute wastani na thamani ya kati ya safu ya kwanza. Jibu hutokea papo hapo: 40000 na 14000. Pengo baina ya nambari hizo ndilo onyo. Ukiongeza sstdev 1, utapata kipimo cha mtawanyiko. Hapa ni takriban 59,266, kiasi kinachouzidi wastani wenyewe.

Takwimu pia huweza kugawanywa kwa makundi. Iwapo safu ya kwanza ina majina ya kaunti na ya pili ina bei ya gunia la mahindi, andika hivi:

datamash -s -g 1 median 2 < bei.txt

Alama -g huikusanya pamoja mistari ya kaunti moja, nayo -s huipanga kwanza. Ukiisahau -s, kaunti ileile yaweza kujitokeza mara mbili katika majibu, kwa kuwa programu huunganisha tu mistari inayofuatana.

Sifa nyingine ni ukali wake. Ukiandika 12,000 kwa koma, haibahatishi. Husimama na kuutaja mstari wenye kasoro. Lahajedwali nyingi zikikuta maneno mahali pa nambari huyaruka kimyakimya, na mwenye kazi asijue kwamba hesabu yake ina upungufu.

Hata hivyo, programu haiwezi kujua iwapo takwimu zilikusanywa kwa uaminifu, wala ni kipimo kipi kinachofaa. Uamuzi huo ungali wa binadamu. Basi mwandishi anapoletewa wastani, na aulize: thamani ya kati ni ipi?