Kufiwa kwa Kijapani

Anayejifunza Kijapani cha daraja la kati hukutana na sentensi kama «chichi ni shinareta». Kitabu nilichotumia hapa Manika kimeandikwa kwa Kifaransa, nami nilikwama, maana kitenzi «mourir» hakina kauli ya kutendwa. Nilipojaribu Kiswahili, maana ikafunguka: «nilifiwa na baba». Vivyo hivyo, «ame ni furareta» ni «nilinyeshewa na mvua». Katika lugha zote mbili, kiima ni yule aliyepatwa na jambo.

Maumbo yanatofautiana. Sisi tunapita kauli ya kutendea kwanza: fa, fia, fiwa. Kijapani huruka hatua hiyo: shinu, shinareru.

Hata hivyo, tujihadhari. Kutendewa kwetu hubeba hasara na faida pia: mtu hufiwa, na mtu hupikiwa. Kijapani huzitenganisha. «Nilipikiwa chakula na mama» ni «haha ni gohan o tsukutte moratta». Ukisema «tsukurareta», msikilizaji ataelewa kwamba mama alikuudhi.

Kwa hiyo tuanze na lugha ya nyumbani, kisha tujiulize: jambo hilo lilituumiza au lilitufaa?