Utando Unaotenganisha Mafuta ya Karafuu

Mafuta ya makonyo ya karafuu yanayotolewa kwa mvuke kiwandani Wawi, Pemba, hunukia kama kitu kimoja, kumbe ndani yake mna kemikali nyingi. Mbili kati yake, eujenoli na kariofileni, huchemka kwenye joto linalokaribiana mno, la nyuzi 250 na ushei za Selsiasi. Kwa joto peke yake, kuzitenga ni shida. Ndipo inapoingia kromatografia ya gesi.

Wengi wakiiona mashine ya mbinu hii husifu oveni na kompyuta yake. Kwangu mimi, kazi yenyewe iko kwenye utando wa polima uliopakwa ndani ya mrija mrefu wa silika. Mrija wa kawaida una mita 30, tundu lake milimita 0.25, utando una unene wa mikromita 0.25 tu, mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia. Gesi ya heli husukuma mvuke wa sampuli, na kila kemikali huyeyuka kidogo ndani ya utando, ikatoka, ikayeyuka tena. Inayoshikwa zaidi huchelewa kufika kwenye kigunduzi.

Utando wa silikoni, yaani polidimethilisiloksani, haubagui sana: kwa sehemu kubwa hufuata uchemkaji, na eujenoli hutoka kabla ya kariofileni. Badilisha utando, weka polietilini glikoli, uone. Kariofileni, yenye kaboni na hidrojeni tu, hupita mbio. Eujenoli ina kundi la oksijeni na hidrojeni linalong'ang'ania oksijeni za polima hiyo, kwa hiyo huja nyuma yake kwa mbali. Mafuta ni yale yale, mpangilio umepinduka!

Polima hizi zina adui wawili: oksijeni na joto la kupita kiasi. Silikoni huvumilia nyuzi 300 na zaidi. Polietilini glikoli huishia karibu na 250. Ukipitiliza, minyororo hukatika, vipande vyake hutiririka hadi kwenye kigunduzi na kuchafua matokeo. Kichujio cha oksijeni kwenye bomba la gesi si anasa.

Nawe unayenunua au kuuza mafuta ya karafuu, ukipewa ripoti ya maabara, angalia kama imetaja aina ya utando. Bila hiyo, dakika zilizoandikwa mbele ya kila kemikali hazithibitishi chochote. Omba ripoti iliyokamilika.